Namba Kumi na Tisa Nilizoziharibu

Mapendo,

Barua hii nimeiandika mwenyewe. Usitafute mwandiko wa mama yako humu, wala wa wale wanaochapisha barua za watu pale Wandegeya. Ni mkono wangu, ndiyo maana mistari inapanda upande mmoja. Nimeanza Jumatatu, leo ni Alhamisi, na kila ulipoingia niliificha chini ya kitambaa cha koti. Kesho asubuhi basi la Nairobi linaondoka, na mama yako ananiambia hutalipanda. Anasema Jumapili ulimwambia utabaki mpaka umalize kuwatafuta watu wangu waliopotea. Kwa sababu hiyo naandika. Mambo ya chakula cha njiani, na pasipoti uifiche wapi, hayo mama yako anayajua kuliko mimi. Mimi nina jambo moja tu. Nitalifikia, usiniharakishe.

Kwanza nikukumbushe unasoma barua ya nani. Katika Kampala hii hakuna fundi anayekata suruali ya askari kama mimi. Nilitoka Bukavu na mkasi mmoja nimeufunga ndani ya shati, na mwaka haujaisha maafande walikuwa wanapanga foleni kwenye ngazi zangu. Nimewahi kumshonea bwana harusi suti kwa kumwona mara moja tu akivuka barabara, na siku ya harusi ikamkaa mpaka kifungo cha chini. Shule nilisoma miaka mitatu. Kusoma nasoma, polepole, na kidole. Lakini namba, hapo usinichezee. Mtu aliyeshika utepe wa kupimia miaka arobaini anazijua namba kuliko mwalimu.

Watu wangu wote walikuwa kwenye daftari, unakumbuka. Kila mtu na namba yake ya simu, na alama niliyomchorea, maana jina refu linanichosha. Afande Okello nilimchorea duara kwa sababu ya tumbo. Yule madamu mwenye shule nilimchorea kengele. Halafu mvua ile ikaja, mtaro wa kwetu Bwaise ukafurika, maji yakaingia ndani mpaka usawa wa godoro, na daftari lilikuwa chini ya kitanda. Wewe ndiye uliyelitoa. Ulitandaza karatasi moja moja juu ya mkeka, ukazipiga pasi juu ya kitambaa kama unapiga pasi bitana ya hariri, ukakaa na kompyuta yako wiki nzima ukiniuliza.

"Baba, hii kengele ni nani? Na hili duara, ni Afande Okello au yule wa duka la mchele?"

Nilikuwa nakujibu huku nashona, bila kugeuza shingo, na sikukosea hata mmoja. Karatasi zilipoanza kunuka mama yako akazitupa. Watu wangu mia mbili na kumi wakabaki kwenye jedwali lako peke yake, kila mmoja kwenye kijichumba chake, jina huku, namba kule, vipimo mbele. Lilipendeza. Nilikuambia? Sikukuambia. Nilisema, "Hizo rangi za nini?"

Sasa nikueleze ugonjwa wangu ulipoanzia. Ulianza na Afande Okello. Huyo mtu nimemshonea miaka kumi na mitano, nimemjua kabla tumbo halijaja. Siku ile akasimama mlangoni, akaniangalia kama mtu anayeangalia kiti.

"Mzee, binti yuko?"

"Mimi niko."

"Nakuona, mzee. Binti yuko?"

"Afande, hiyo suruali aliishona nani?"

"Ni wewe. Ndiyo maana nataka binti aipunguze. Vijana pale kituoni wanasema nimevaa hema."

Wewe ukacheka nyuma ya pazia. Ulidhani sikusikia. Ukaichukua ile suruali, ukaibana pembeni, ukashusha kiuno kidogo kipite chini ya tumbo, na alipoivaa nikaona kwa macho yangu mwenyewe kwamba imemkaa kuliko nilivyoikata mimi. Alitembea mpaka kwenye ngazi, akarudi, akatembea tena, mtu mzima vile na vyeo vyake begani. Nikasema, "Huo mshono utalegea baada ya mwezi." Mwezi ukapita. Nikangoja wa pili. Kila alipopita barabarani namwangalia nyuma kama mwehu, mshono uko palepale.

Baada ya huyo nikawa nasikiliza. Mtu akipanda ngazi, kabla hajaingia, mimi naacha kukanyaga cherehani nisikie atataja jina gani kwanza. Madamu wa kengele alikuja na vitambaa vya sare, nikanyoosha mkono kuvipokea, akavivuta nyuma. "Hapana, fundi, pole. Hivi ni vya Mapendo. Wasichana wangu wanataka marinda ya Mapendo." Marinda! Nilikuwa nakunja marinda kabla mama yako hajaota meno.

Halafu Zakaria akapiga simu kutoka Nairobi. Zakaria unamjua kwa habari zangu. Nilimfundisha mimi kushika mkasi, mtu ambaye hakuweza kutunga uzi kwenye sindano bila kuulamba mara nne. Leo ana cherehani za umeme chumba kizima, na anasema anataka binti yangu awe mkataji wake mkuu. Binti yangu. Mimi hakuniuliza hata kwa utani. Hata kusema tu, mzee, ungekuwa kijana ningekuchukua wewe. Ningemkatalia, lakini angeuliza.

Ndipo nikakusikia pale kwenye ngazi unaongea naye. Ulisema, "Watu wa Baba ni mia mbili na kumi, wote wako kwenye jedwali. Nataka kuwatoa wawe faili la maandishi, niwaingize kwingine. Ninyi huko mlifanyaje?" Yeye anakueleza, wewe unaandika kwa kalamu kwenye kiganja. Mimi nimesimama ndani na pasi ya mkaa, mpaka nikaunguza kitambaa cha mtu. Nikajisemea, basi. Mtoto amemchukua, sasa anachukua na watu.

Nilimwambia mama yako. Alikuwa anachambua maharage.

"Zakaria awapeleke wapi watu wa Kampala?" akasema. "Okello apande basi mpaka Nairobi kwenda kubana suruali?"

"Wewe hujui biashara."

"Wivu naujua. Una wivu kama mke mkubwa aliyeletewa mdogo wake ndani ya nyumba."

Sikuyala maharage hayo.

Jumapili mkaenda kanisani. Mimi nikasema mgongo unauma. Kompyuta ilikuwa mezani. Mapendo, ufundi wangu wote niliupata kwa kuangalia mikono ya watu, hakuna aliyenifundisha kwa mdomo, na mikono yako nilikuwa nimeiangalia wiki nzima: pa kufungulia, pa kufutia, pa kuhifadhia. Nikafungua. Nikashuka na kidole, jina moja moja, jasho linanitoka. Na kila niliyemtaka, namba yake ya mwisho kabisa niliiongeza moja. Mbili ikawa tatu. Sita ikawa saba. Ni kama kuachia inchi moja kiunoni, mtu wa nje haoni. Palipokuwa na tisa niliweka sifuri. Watu kumi na tisa. Nikahifadhi, nikafunga, nikajilaza, na mliporudi nilikuwa nalalamikia mgongo vizuri kabisa.

Ndiyo. Ni mimi. Macho yako hayakusoma vibaya.

Alasiri ile ile ukafungua jedwali. Hukuona chochote, na nani angeona moja? Uliangalia tu kwamba sifuri za mbele zipo zote, maana uliniambia kompyuta ina tabia ya kuzila ikidhani hazina kazi. Halafu ukabonyeza, ukaniita nione. Rangi zimekwenda. Vijichumba vimekwenda. Limebaki faili jembamba, mstari kwa mstari, jina, koma, namba, jina, koma, namba.

"Mbona limekuwa maskini hivi?" nikasema.

Ukacheka. "Baba, ndivyo simu inavyotaka. Jedwali na mapambo yake haliingii. Likivuliwa hivi, linaingia popote."

Ukanyoosha mkono ukachukua simu yangu. Ile ya kioo, uliyoninunulia, niliyokuambia siitaki. Ukaliingiza faili, na watu mia mbili na kumi wakaingia kwa muda wa mtu kupiga chafya. Ukanionyesha na jambo la pili. Mtu akinipigia, simu inamtaja kwa sauti. "Hutahitaji kusoma, Baba. Itakuambia ni nani." Ukaipigia kwa simu yako, nayo ikasema Mapendo, kwa sauti ya mwanamke asiyejua kutamka vizuri, na wewe ukafurahi mpaka ukapiga makofi.

Kumbe walikuwa wangu. Ulikuwa unawatoa kwenye jedwali ili kuwaingiza kwenye simu yangu mimi, nisibaki mkono mtupu ukiondoka na kompyuta yako. Ningesema palepale ungechukua dakika tano kurekebisha, na ungenicheka mwaka mzima, na mambo yangeishia hapo. Nikafungua mdomo. Nikasema hiyo sauti ya mwanamke ni mbaya.

Wiki iliyofuata jengo la Wandegeya tulimokuwa tunashonea likaanza kubomolewa, sisi tukahamia Kisenyi juu ya gereji, na wewe ukatuma ujumbe kwa watu wote kwa mara moja. Maneno niliyatunga mimi, nayakumbuka: Mimi fundi wako nimehamia Kisenyi ghorofa ya pili, njoo haraka nikupime upya. Watu wengi walijibu. Lakini ujumbe wa wale kumi na tisa ulikwenda kwa wageni, na wageni wakaanza kupiga.

"Wewe ni nani unamwandikia mume wangu?" Mwanamke, sauti kama msumeno.

"Fundi wake, mama."

"Fundi wa nini?"

"Wa nguo."

"Mume wangu ana nguo. Unataka kumpima nini upya?"

Mwingine alikuwa mzee kutoka huko Masaka, akaniambia yeye hajapimwa na mtu tangu hospitali, na kama ni majibu nimpe hapohapo kwenye simu. Wewe ulicheka kwanza. Mimi pia nilicheka, Mungu anisamehe. Halafu ukaanza kupiga namba moja moja, na nikaona kicheko kinakutoka usoni. Ulisema labda ni koma. Ulisema labda ni sifuri. Ukalitoa faili tena, ukaliingiza tena, mara tatu, mara nne. Ukaenda kwa miguu mpaka kituo cha polisi, wakakuambia Afande Okello amepelekwa kazi mbali huko kaskazini. Ukampata muuza vitenge mmoja sokoni, akakupa namba yake, ukarudi ukanionyesha: "Ona, Baba. Pana sita, mimi nimeandika saba. Wino ulikuwa umelowa, nikasoma vibaya. Sijui ni wangapi nimewasoma vibaya."

Ukapiga magoti sakafuni mbele yangu, kama wasichana wa Kiganda uliokua nao. "Baba, nisamehe. Miaka yako yote, mimi nimekupotezea watu."

Unakumbuka nilijibu nini? Nilisema, "Ndiyo matatizo ya kompyuta."

Siku hiyo ukapiga simu Nairobi ukasogeza safari kwa wiki mbili. Na mimi, nikuambie ukweli wote maana nimeshaanza, nilifurahi. Nilikula sahani mbili. Nilijiambia Zakaria atachoka kungoja.

Kilichoniamsha si dhamiri, usinisifu bure. Nilikuona Jumamosi unakata. Umeshika mkasi, umeuweka juu ya chaki, ukasita. Ukapima tena. Ukasita tena. Ukaniita, "Baba, hebu hakikisha, mimi siku hizi sijiamini." Mapendo, hayo maneno nimewahi kuyasikia.

Nilikuwa na kaka, Deo, sijawahi kukusimulia. Tulikuwa na cherehani moja Bukavu, asubuhi yake, mchana yangu. Kola zake zilikaa kama zimechongwa, na watu walikuja asubuhi, mchana hawaji. Nikawa kila nikimaliza naikaza kidogo ile skrubu inayobana uzi wa juu. Kidogo tu. Kesho yake mshono wake unajikunja, kitambaa kinavutika, na mimi nikishika skrubu nairudisha, mshono wangu unanyooka. Alifungua ile cherehani akaisafisha mara ngapi sijui. Mwisho akaniambia, "Ndugu yangu, ni mikono yangu. Imeharibika." Akaniachia cherehani, akaenda kuchimba dhahabu msituni. Shimo lilimwangukia. Alikufa akiamini mikono yake ni mibaya, na mimi nikala kwa cherehani hiyo mpaka siku niliyotoka Bukavu.

Basi nilipokuona umesita na mkasi hewani, nilitoka nikaenda kusimama karibu na choo cha gereji, mafundi magari wakaniuliza, "Mzee, unaumwa?" Nikawaambia ni mafusho ya magari yao. Niliporudi mama yako alikuwa anapanga vifungo. Alishajua siku nyingi. Akasema bila kuinua kichwa, "Utamwambia wewe au nimwambie mimi?" Nikasema mimi. "Kwa mdomo?" Nikasema kwa mdomo siwezi.

Huko unakokwenda utakutana na mtu mzima mwenye ugonjwa huu. Pengine ni Zakaria mwenyewe, siku wateja wake watakapoanza kukuuliza wewe. Hatakutukana. Atasema mshono utalegea. Atauliza rangi hizo ni za nini. Wewe kata. Na kazi ikikuharibikia ghafla, kazi unayoijua, usikimbilie kusema ni mikono yangu, ni macho yangu. Uliza kwanza nani alibaki chumbani. Na ukija kuzeeka, akatokea msichana anayekata kuliko wewe, mwambie siku hiyohiyo kwamba imekaa vizuri. Siku hiyohiyo, maana ukilala nalo usiku mmoja linaota mizizi, mimi nakuambia, nimelala nalo miaka.

Sasa kazi. Kurekebisha ni rahisi, fundi yeyote anaelewa: nilichoachia, kirudishe. Namba ya mwisho punguza moja, na penye sifuri weka tisa. Lakini fanya hivyo kwa hao kumi na tisa peke yao, usiguse wengine. Hao ndio nimeona haya kukuandikia, kuliko hata habari ya Deo. Maana utauliza nimewachagua vipi. Sikuchagua wenye pesa. Sikuchagua wa zamani. Afande Okello. Madamu wa kengele. Muuza vitenge uliyempata, huyo umesharekebisha. Nesi mrefu wa mguu mfupi, uliyemkatia sketi hata hakuna anayejua ni mguu upi. Mchungaji wa Kikongo wa koti jeupe. Mama wa mapacha, ambaye wewe peke yako ndiye uliyekubali kwamba mapacha wake hawalingani vipimo. Wengine wote nimewaandika nyuma ya karatasi hii, na mama yako amehakikisha majina.

Ni wale walioingia mlangoni wakaniuliza wewe uko wapi. Hao tu. Niliwajua kwa kichwa, wote kumi na tisa, mpangilio waliokuja, na siku, na walichovaa. Hakuna sifa uliyopewa katika chumba kile ambayo sikuisikia na kuihifadhi. Sasa unayo.

Kesho utapanda basi. Zirekebishe leo, ni dakika chache. Zikishakaa sawa, tengeneza faili lingine, jembamba kama lile, la hao kumi na tisa peke yao, uliingize kwenye simu yako, uwatumie ujumbe waijue namba yako. Nimekupa. Wanakutaka wewe, waweze kukupata. Mimi bado inaniuma nikiandika hivi, usidhani nimepona.

Madamu atakupigia wa kwanza, najua, muhula unakaribia. Mwambie awalete wasichana wake Kisenyi, ghorofa ya pili. Mwambie baba yako ameyafumua marinda yako mawili akayaangalia, na anaanza kuyaweza.

Ila usimwambie kwamba ni mimi niliyekutuma useme hivyo.

Baba yako, fundi.